Mama Nabintu, Uko Wapi?

Kitambaa chenyewe hakina makuu. Ni cha rangi ya kahawia iliyopauka, kimechanika pembe moja, na kinakaa chini kabisa ya begi langu la hedifoni, mahali ambapo mkono hukigusa kwanza kila ninapotafuta waya. Nimekifua sijui mara ngapi, lakini harufu yake haijatoka yote: dawa ya kulainisha nywele, ile kali inayopanda puani na kukataa kushuka, pamoja na mafuta ya nazi. Juzi, kabla ya harusi moja huko Midrand, nilichutama nyuma ya spika kutafuta waya na mkono ukakigusa. Uso ukaniwaka moto palepale. Mimi ni mtu mzima, napiga muziki kwenye harusi za watu na kodi ya nyumba nalipa mwenyewe, lakini kitambaa kile kikigusa vidole vyangu naona aibu ya msichana wa miaka kumi na mitatu, mbichi kama ya jana.

Tuliishi Joubert Park, katika jengo ambalo lifti yake niliikuta imekufa na nikaiacha imekufa. Baba sikumjua. Mama alisuka nywele katika saluni ya mtaa wa chini, na kwa kuwa watu wa huko nyumbani humwita mama kwa jina la mtoto, Wakongo wenzake walimwita Mama Sifa. Wateja wa Kizulu walimwita Beauty, kwa sababu ndilo neno lililoandikwa mlangoni na hawakuona haja ya kuuliza zaidi. Nabintu, jina alilopewa na baba yake huko Bukavu, nililisikia tu alipoongea na dada zake kwenye simu, siku ambazo vocha ilimtosha kuchekacheka.

Kichwani alifunga kitambaa saa zote, hata jikoni. Nywele zake zilikuwa zimenyonyoka tangu safari ya kuja huku, zikabaki visiwa vidogo vya mvi na ngozi inayong'aa katikati. Nilijua mimi peke yangu kwa sababu tulilala chumba kimoja. Saluni alisema anafunga kwa ajili ya dini, maana nani angempa kichwa chake msusi ambaye cha kwake kimemshinda?

Mwaka ule wa miaka yangu kumi na mitatu watu walikuwa wamevunja maduka ya wageni katika mitaa mingi ya jiji, na Mama aliniambia nisiongee Kiswahili barabarani. Mimi nikamzidi. Nikaacha kukiongea hata nyumbani. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, nikamjibu kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo tulivyokula chakula cha jioni siku nyingi. Shuleni niliwaacha watu waamini sisi ni wenyeji, wa mkoa wa Limpopo. Rafiki yangu Lindiwe, msichana mwenye sauti kubwa na viatu visivyochafuka, hakuwahi kuuliza, nami kila siku nilimwogopa kwa ajili ya swali ambalo hakuwahi kuuliza.

Lindiwe ndiye aliyenipeleka kwa Sizwe, binamu yake. Sizwe alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, mpole kupita kiasi, aliyepanga chumba Doornfontein nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Siku nzima alisikia vyuma vikikatwa, na badala ya kuhama kama mtu mwenye akili zake, alivirekodi. Akavigeuza dabstepi. Kama hujawahi kuisikia, ni muziki ambao ngoma zake zinatembea polepole kama mzee, huku vitu vidogo juu yake vinakimbia, kisha kila kitu kinanyamaza kidogo, halafu besi inaanguka na vioo vya madirisha vinatetemeka. Mara ya kwanza niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Nilitaka kuishi humo ndani. Humo hakuna aliyeuliza mtu anatoka wapi.

Jumamosi Sizwe alituacha sisi watoto tujifunze kwenye deki zake za zamani, mashine za kuchanganyia nyimbo, na alitufundisha kwa subira. Alisema kazi ya DJ si kubonyeza vitufe, ni kuwatafutia nyimbo marafiki. Nyimbo mbili zikienda mwendo mmoja, au moja ikienda nusu ya mwendo wa mwenzake, unaweza kuzipiga pamoja na miguu ya watu isijikwae. Lakini mwendo hautoshi, sauti nazo zisigombane, maana kuna nyimbo zinazokaa pamoja vizuri mpaka moja ifungue mdomo. Shida ni kwamba nyimbo zake mwenyewe hazikuwa na marafiki. Muziki uliopendwa mjini ulikuwa na mwendo mwingine. Ukiuharakisha ufikie wake, waimbaji wanakuwa kama panya. Ukiupunguza wake, besi inalala. Ma-DJ walimsifu kisha wakampiga mwisho kabisa, ukumbi ukiwa unafagiwa.

Basi alipopata nafasi ya kuzindua nyimbo zake katika ukumbi wa chuo, alituambia kuwa Jumamosi fulani mchana kila mmoja wetu atapiga uani pake, na yule atakayezipatia nyimbo zake wenzi wazuri ndiye atakayefungua uzinduzi, jina lake kwenye bango. Nililala nikiliona hilo bango. Sikutaka kitu kingine duniani. Niliamini kwamba jina likishabandikwa ukutani katika jiji hili, hakuna mtu atakayeweza tena kukuambia urudi kwenu.

Nilijaribu kila nilichokijua, house, kwaito, hip hop ya Marekani. Hip hop ilikubali, lakini ilikuwa kama kumwoza mtu kwa jirani yake, hakuna aliyeshangaa. Kisha jioni moja nilikuwa mezani na hesabu za shule, Mama anaosha vyombo, simu yake juu ya kabati inaimba kwaya yake ya zamani ya Kadutu, kule Bukavu. Wimbo ulikuwa umefika kwenye sebene, pale maneno yanapokwisha na magitaa yanaachiwa yakimbie. Kidole changu kikaanza chenyewe kupiga meza. Nikahesabu, nikahesabu tena. Mwendo ulikuwa wa Sizwe kabisa. Nikachukua hedifoni, sikio moja nikaweka wimbo wake wa vyuma, sikio la pili nikaliacha jikoni, na gitaa la kwaya likaketi juu ya ile besi kana kwamba kiti kiliwekwa kwa ajili yake.

Nilimwomba Mama anitumie wimbo ule kwenye simu yangu. Alifuta mikono akanitazama kwa furaha ambayo ilinichosha, maana nilijua ameielewa vibaya. Alidhani nimeanza kumpenda Mungu.

Sasa, katika sebene kuna mtu ambaye kazi yake si kuimba bali kuwachochea wanaocheza. Wakongo humwita atalaku. Anapiga kelele, anatania, na anaita majina ya watu wanaostahili kuheshimiwa. Katika wimbo ule aliita majina kadhaa, na moja lilikuwa la Mama, kwa sababu ndiye aliyeishonea kwaya sare bila malipo, na "Mama" hapo ni ya heshima tu, si ya mtoto. "Mama Nabintu, uko wapi?" aliita, kwa sauti ya kukwaruza yenye kicheko ndani yake. Nilijua ni Mama, nisiseme uongo. Ila kwangu jina lililokwisha kurekodiwa halikuwa la mtu tena. Lilikuwa ngoma tu, na ngoma nzuri, yenye mdundo wa ajabu. Nikalikata, nikaliweka kwenye kitufe chake peke yake ili nikilibonyeza lizunguke bila kukoma, katika ule ukimya unaotangulia besi. Uani kwa Sizwe hakuna ambaye angejua ni lugha gani. Mama nilimwambia nina kazi ya shule kwa binamu ya Lindiwe, nyuma ya karakana ya mageti.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na ua ulijaa watu zaidi ya tulivyotegemea. Wanafunzi wa chuo walikalia mapipa ya mafuta, mafundi wa mageti walisimamisha kazi, na watoto wa shuleni kwetu walisimama na Lindiwe mbele kabisa. Wawili walitangulia, wakapiga walichopiga. Mimi nilianza na wimbo wa Sizwe ulio mzito kuliko zote, kisha taratibu nikaingiza magitaa ya Kadutu chini yake. Niliona vichwa vikiinuka. Niliona Sizwe, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, akiacha kuegemea. Magitaa yakapanda, vyuma vikapanda, nikabonyeza kitufe changu. Mama Nabintu, uko wapi? Mama Nabintu, uko wapi?

Na Mama alikuwa pale getini. Alikuwa na aproni ya saluni, mkononi mfuko wa plastiki wenye ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa sababu nilitoka bila kula na saluni haikuwa mbali. Alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti cha saluni, kichwa kimesukwa upande mmoja, ili aniletee chakula. Nilimwona akisimama wima ghafla, kama mtu aliyeguswa begani. Akauweka mfuko chini. Akainua mikono, akaanza kuja.

Alikuja akicheza. Hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yakizunguka, uso umetulia kama wa mtu aliye kazini, vile wanawake wa kanisa lake wanavyoingia. Watu walimpisha bila kujua kwa nini. Alifika mezani, akatoa noti kwenye mfuko wa aproni na kunibandika kwenye paji la uso, pale penye jasho. Akageuka kurudi. Jina likaitwa tena. Akageuka tena, akaja, akanibandika nyingine. Nilijua kwamba kwao watu hutunzwa hivyo, nilishaona kwenye harusi, lakini kichwani mwangu hilo lilikuwa jambo la kwao na la harusini, halikuwa na njia ya kufika Doornfontein mchana kweupe. Nilidhani amekasirika kwa wimbo wa kanisa, na kwamba ananikomoa mbele za watu.

Simu zilishatolewa, zinarekodi. Lindiwe aliniinamia akauliza kwa sauti yake kubwa, "Who's that?" Niliinamia vitufe kama ambaye hakusikia. Mama ndiye aliyejibu, si kwa Lindiwe bali kwa ile sauti iliyokuwa ikimtafuta. Aliweka kiganja kifuani.

"Miye huyu," alisema. "Niko hapa."

Noti zikaisha, akatoa sarafu. Sarafu zikaisha, akapapasa mifuko ya aproni na kuniwekea chanuo mezani, kisha vibanio, kisha kichupa cha mafuta ya nazi. Watu walianza kucheka, na mimi niliona kila jino la kila aliyecheka. Nikataka kuizima ile sauti. Kwa haraka, badala ya kitufe cha jina nikabonyeza kitufe cha wimbo. Besi ikakatika, magitaa yakakatika, ngoma zikakatika. Ikabaki sauti peke yake katika ua mzima, bila nguo. Mama Nabintu, uko wapi? Mama Nabintu, uko wapi?

Mama alisimama mbele yangu mikono mitupu. Aliitazama mikono, pande zote mbili, kama anayetafuta kilipodondokea kitu. Kisha akaipeleka nyuma ya kichwa, akafungua fundo, akavua kitambaa na kunitandikia begani.

Jua lilipiga pale kichwani. Niliviona vile visiwa vya mvi, ngozi inayong'aa, na kovu la dawa juu ya sikio ambalo hata mimi sikuwa nimewahi kuliona mchana. Lindiwe aliviona. Wanafunzi wa chuo, mafundi, wote. Kicheko kikakatika, na kukatika kwake kuliniumiza kuliko chenyewe. Sizwe alikuja akashusha sauti, akaanza kupiga makofi, na watu wakamfuata. Nilidhani ananicheka kwa adabu. Niliona aibu kiasi kwamba niliomba, kwa Kiswahili, lugha niliyoikataa, ardhi inifungukie.

Tuliondoka pamoja, kwa kuwa ningefanya nini? Nilimpa kitambaa chake tulipotoka tu getini. Akanirudishia.

"Kitu ya kutunza hairudi," alisema.

Akatembea kichwa wazi. Tukapita muuza mahindi, tukapita spaza, kiduka alichozoea kununua mkate, tukapita wateja wake wawili waliomtazama, wakatazamana, kisha wakatazama simu zao. Niliamini kwamba ananiadhibu, kwamba anakibeba kichwa kile mtaani makusudi ili nijue nilichofanya. Nilitembea nyuma yake kidogo. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya mwisho kabla ya nyumbani, ikiwa nyekundu, aliniambia bila kunitazama.

"Niliishiwa, Sifa. Usinikasirikie. Baliniita tena na mikono yangu ilikuwa tupu."

Sikumwelewa. Niliona mtu aliyevua siri yake yote mbele ya jiji halafu anaomba radhi kwa ajili ya sarafu, nikadhani anakwepa. Nilitazama robot mpaka ikawa kijani.

Siku chache baadaye Lindiwe alileta salamu kutoka kwa Sizwe. Nafasi ilikuwa yangu, jina langu litabandikwa, na angependa nije na mama yangu. "Sharp, sawa?" aliuliza Lindiwe, akicheza kidogo na mabega, bila ubaya wowote naona leo. Wakati ule nilisikia tu kwamba wanatutaka tuwe kichekesho cha kufungulia ukumbi. Nikasema sitaki. Bango likatoka na jina la mtoto mwingine, nami nikaanza kuzunguka mtaa mzima ili nisipite karakana ya mageti. Mama aliniuliza mara moja tu lini nitapiga tena ule muziki wa vyuma. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba umekwisha.

Mama alikuwa amenunua kitambaa kingine kesho yake baada ya siku ile ya uani. Lakini kuanzia hapo alianza mtindo mpya. Kila alipokwenda mahali ambapo muziki ungepigwa, kanisani, harusini, hata siku ya zawadi shuleni kwetu, alikunja noti ndogondogo na kuzifunga kwenye pembe ya leso, fundo gumu la kufunguliwa kwa meno. Nilidhani ni kwa ajili ya wezi wa Joubert Park. Nilipokua kidogo nikadhani ni kwa ajili ya kukimbia, kwamba aliyewahi kutoka kwao usiku mmoja bila kitu haachi kujiandaa. Nilimtania sana. Nilimwita benki ya Bukavu, naye alicheka na kuendelea kukaza fundo lake.

Muziki niliurudia nikiwa mkubwa, peke yangu, na sasa Wakongo wa jiji hili wananiita kwenye harusi zao. Nyimbo za Sizwe bado ninazo. Sebene ikishachanganya huwa naingiza mmoja chini yake, kimya kimya, na watu hucheza wakidhani sakafu ndiyo nzuri.

Basi juzi, Midrand, mjomba wa bibi harusi alishika maiki na kuwa atalaku. Aliita wazee, aliita wakwe, kila mtu akaja akicheza na mkono umeshika kitu. Mama alikuwa meza ya pembeni na wanawake wa kanisa. Kisha yule mjomba akageuka upande wangu.

"Sifa wa Mama Nabintu, uko wapi?"

Magoti yalisimama kabla yangu. Sikuwa nimewahi kuitwa, na sikujua kwamba mwili hauulizi. Ukumbi mzima ulinigeukia ukitabasamu, na mimi nikapapasa mifuko. Siku hizi tunalipa kila kitu kwa simu. Hakukuwa na noti, wala sarafu. Akaniita tena, watu wakaanza kupiga makofi ya kunisubiri, nami nikaitazama mikono yangu, pande zote mbili.

Ndipo nilipomwona Mama uani kwa Sizwe, na kwa mara ya kwanza sikuona kichwa chake. Niliona mikono. Miaka yote hii nimebeba aibu ya nywele zile, wakati yeye alikuwa amebeba nyingine kabisa, na aliniambia, kwa maneno mepesi, pale kwenye robot.

Alikuwa ameshainuka. Alikuja nyuma ya spika kwa mwendo wake wa haraka, leso mdomoni, akifungua fundo kwa meno. Akanimiminia zile noti kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake.

"Enda, mwanangu," alisema. "Bamekuita."

Nikavua hedifoni, nikaenda. Mjomba aliponiita tena, bado nilikuwa na kitu mkononi.